Kusawazisha milinganyo ya kikemia: kuhesabu atomi, herufi, namba za oksidisho au nusu-mmenyuko?

Mwanafunzi hufundishwa kwanza njia moja tu ya kusawazisha mlinganyo: hesabu atomi kushoto mwa mshale, hesabu kulia, weka namba mbele ya fomula mpaka pande mbili zilingane. Akipanda madarasa ya juu anaonyeshwa njia nyingine: herufi, namba za oksidisho (chaji ambayo kila atomi huhesabiwa kuwa nayo ndani ya fomula) na nusu-mmenyuko (kuugawa mlinganyo kati ya anayetoa elektroni na anayepokea), na hapo mkorogo unaanza. Wengine wanaitupa ile ya kuhesabu wakidhani ni ya watoto. Wengine wanaing'ang'ania hata pale inapotoa jibu linalopendeza macho lakini ni la uongo.

Kwa mwenye haraka, uchaguzi wenyewe ni huu:

| Njia | Ichague pale | Itakukwamisha pale |
|---|---|---|
| Kuhesabu atomi | elementi nyingi zipo kwenye kitu kimoja tu kila upande, na ipo elementi huru (O₂, Cl₂, Fe) ya kuacha mwisho | elementi moja imetawanyika kwenye vitu vitatu au vinne |
| Herufi (aljebra) | fomula ni nyingi na namba za oksidisho hazisomeki kirahisi | muda ni mfupi, au kuna majibu zaidi ya moja |
| Namba za oksidisho | mmoja anatoa elektroni, mwingine anapokea, na fomula ni kamili | hakuna oksidisho lolote, k.m. tindikali na besi |
| Nusu-mmenyuko | kuna ioni zenye chaji ndani ya maji | vitu vikavu, moto na gesi |

Kabla ya njia yoyote, fomula

Hakuna njia itakayokuokoa kama fomula yenyewe ni mbovu. Aliyesahau kwamba magnesiamu ina valensi 2 ataandika Mg + HCl → MgCl + H₂, kisha atasawazisha bila shida yoyote: 2Mg + 2HCl → 2MgCl + H₂. Hesabu mwenyewe uone. Atomi zimelingana zote. Ila MgCl haipo kwenye chupa. Kilichopo ni MgCl₂, na mlinganyo ni Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂. Hali kadhalika gesi zinazotembea wawili wawili: haidrojeni, naitrojeni, oksijeni, florini na klorini, pamoja na bromini na iodini. Ukiandika O mahali pa O₂ umeshaharibu kabla hujaanza.

Fomula ikishakuwa sahihi, haiguswi tena. Kwenye H₂ + O₂ → H₂O, anayeona oksijeni imepungua upande wa kulia akaongeza kanamba ka chini na kuandika H₂O₂ amelinganisha hesabu, lakini maji ameyageuza kuwa haidrojeni peroksaidi, ile inayopausha nywele. Ruhusa tuliyo nayo ni ya namba ya mbele peke yake: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Gramu 4 za haidrojeni na gramu 32 za oksijeni hutoa gramu 36 za maji, hakuna kilichozidi wala kupotea. Antoine Lavoisier aliiandika kanuni hiyo kwenye kitabu chake cha kemia cha mwaka 1789, na mpaka leo ndiyo sababu kuu ya kujisumbua kusawazisha.

Kuhesabu atomi: nguvu yake iko kwenye mpangilio

Njia hii hudharauliwa kwa sababu wengi huanzia popote. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: anza na elementi iliyopo kwenye kitu kimoja tu kushoto na kimoja tu kulia, iliyotawanyika isubiri, elementi huru iwe ya mwisho kabisa. Sababu ni nyepesi. Ukibadilisha namba mbele ya O₂ hakuna kingine kinachotikisika, lakini ukibadilisha namba mbele ya H₂O umegusa haidrojeni na oksijeni kwa mpigo.

Chukua butani, mojawapo ya gesi mbili kuu za mtungi wa kupikia (nyingine ni propani):

C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kaboni kwanza: 4 kushoto, kwa hiyo 4CO₂. Haidrojeni: 10 kushoto, kwa hiyo 5H₂O. Sasa oksijeni ya kulia ni 8 + 5 = 13, namba witiri, na O₂ inaleta mbili mbili. Usirudi nyuma kubahatisha. Weka 13/2 mbele ya O₂, kisha zidisha mstari mzima kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Hatua tatu, basi. Aliyeanza na oksijeni ataweka 2 hapa, arekebishe kule, kaboni iharibike, arudi, na baada ya dakika kumi karatasi imejaa mikwaruzo. Hiyo sehemu ya 13/2 isikutishe. Kwenye hesabu za nishati huachwa makusudi, ili mlinganyo usomeke kwa moli moja (kipimo cha idadi ya chembe) ya butani. Ila swali likidai namba nzima, zidisha, na mwishoni angalia kama namba zote zinagawanyika kwa kitu kimoja: 4H₂ + 2O₂ → 4H₂O imelingana lakini haijapunguzwa.

Kuna ufupisho mmoja unaookoa muda mwingi: kundi lisilovunjika lihesabu kama kitu kimoja. Kwenye usafishaji wa maji, aluminiamu salfeti (shabu ya mitambo ya maji) hukutana na chokaa iliyozimwa:

Al₂(SO₄)₃ + Ca(OH)₂ → Al(OH)₃ + CaSO₄

Usihesabu salfa na oksijeni mojamoja. SO₄ ni tatu kushoto, kwa hiyo 3CaSO₄. Hapo kalsiamu inadai 3Ca(OH)₂. OH zimekuwa 6, kwa hiyo 2Al(OH)₃, na aluminiamu imejipa yenyewe. Masharti ni moja: kundi liwe zima pande zote mbili. Likivunjika upande mmoja, ufupisho huu unageuka mtego, na mfano wake unakuja hapa chini. Tena, unapolazimika kufungua mabano, namba ya nje inazidisha kila kilicho ndani. Ca₃(PO₄)₂ ina oksijeni 8, si 4 wala 6.

Sasa mlinganyo ambao wengi huamini hauwezekani bila namba za oksidisho:

KMnO₄ + HCl → KCl + MnCl₂ + H₂O + Cl₂

Fuata mpangilio. K ni 1 kwa 1, Mn ni 1 kwa 1. Oksijeni iko sehemu moja kila upande: 4, kwa hiyo 4H₂O. Haidrojeni imekuwa 8, kwa hiyo 8HCl. Klorini tuliyoiacha mwisho: 8 kushoto; kulia 1 iko kwenye KCl na 2 kwenye MnCl₂, zimebaki 5, yaani 5/2 ya Cl₂. Zidisha kwa 2:

2KMnO₄ + 16HCl → 2KCl + 2MnCl₂ + 8H₂O + 5Cl₂

Nusu dakika, bila kugusa elektroni hata moja. Klorini imetawanyika vitu vinne, lakini kwa kuwa mojawapo ni huru haina neno. Ukumbuke mlinganyo huu. Utatufaa kwenye bureti, ule mrija wa maabara wa kupimia kimiminika.

Panapoanza kukwama ni kama kwenye tanuri la chuma, Fe₂O₃ + CO → Fe + CO₂. Oksijeni iko vitu vitatu, na ukiipigia hesabu moja kwa moja unazunguka. Ujanja ni kuuliza kila kitu kinafanya kazi gani: CO moja inabeba oksijeni moja na kuwa CO₂. Fe₂O₃ ina oksijeni tatu za kubebwa. Basi 3CO, 3CO₂, 2Fe. Atakayeuliza swali hilo tayari anafikiri kwa namba za oksidisho bila kujua.

Mlinganyo mmoja, njia tatu

Shaba ndani ya tindikali ya naitriki iliyozimuliwa:

Cu + HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + NO + H₂O

Kuhesabu kunakwama hapa. Naitrojeni iko vitu vitatu, oksijeni vinne, na NO₃ ambayo ungetaka kuihesabu kama kundi moja imebaki nzima kwenye Cu(NO₃)₂ lakini imevunjika kuwa NO. Unaweza kulipata jibu kwa kubahatisha, ila kubahatisha si njia.

Kwa herufi, weka a, b, c, d, e mbele ya vitu vitano kwa mpangilio wake, kisha andika mstari mmoja kwa kila elementi:

Cu: a = c
H: b = 2e
N: b = 2c + d
O: 3b = 6c + d + e

Badilisha b kwa 2e. Naitrojeni inakuwa 2e = 2c + d; oksijeni inakuwa 6e = 6c + d + e, yaani 5e = 6c + d. Toa ya kwanza kwenye ya pili: 3e = 4c. Namba nzima ndogo kabisa ni c = 3 na e = 4, kwa hiyo a = 3, b = 8, d = 2.

Kwa namba za oksidisho, tazama nani amebadilika. Cu imetoka 0 kwenda +2: imetoa elektroni 2. Naitrojeni kwenye HNO₃ ni +5 (haidrojeni +1, oksijeni tatu −6), kwenye NO ni +2: imepokea 3. Kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3 ni 6, kwa hiyo shaba 3 na NO 2. Sasa 3Cu(NO₃)₂ zina naitrojeni 6 ambazo hazikubadilika. Ongeza zile 2 za NO, unapata 8HNO₃. Haidrojeni 8 zinatoa 4H₂O.

Jibu ni lilelile:

3Cu + 8HNO₃ → 3Cu(NO₃)₂ + 2NO + 4H₂O

Oksijeni ndiyo shahidi, kwa sababu hatukuitumia kwenye njia ya pili: 24 kushoto; kulia 18 + 2 + 4 = 24.

Kwa mlinganyo huu namba za oksidisho zinashinda waziwazi. Mistari michache, na kila namba ina maana: unaona kwamba kati ya tindikali 8, ni 2 tu zilizopokea elektroni na 6 zimekuja kuungana na shaba kama NO₃. Kosa la kawaida liko papo hapo: mtu anaandika 2HNO₃ kushoto kwa sababu NO ni 2, halafu anashangaa naitrojeni haitoshi. Namba uliyopata kwenye elektroni iweke kwanza upande ambao elementi hiyo iko peke yake. Kosa la pili ni kusahau kuzidisha kwa idadi ya atomi: kwenye Cr₂O₇²⁻ kila kromiamu inapokea 3, kwa hiyo ioni nzima inapokea 6.

Herufi zinashinda kwa jambo moja: hazihitaji ujue kemia yoyote, kuhesabu tu. Ndiyo maana programu za kompyuta zinazosawazisha milinganyo hutumia njia hii, kwa kuipanga kama jedwali la namba. Kwa mkono ni salama lakini ni ndefu. Kosa dogo la alama ya kutoa mstari wa tatu litakufikisha kwenye namba za ajabu mstari wa tisa. Ukipata namba ya mbele iliyo hasi au sifuri, kuna kosa la hesabu, au kitu kimewekwa upande usio wake, au hakihusiki kabisa.

Na usitarajie njia yoyote ikuambie kitatoka nini. Tindikali hiyo ikiwa kali, gesi inayotoka zaidi ni NO₂ ya kahawia, na mlinganyo ni Cu + 4HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + 2NO₂ + 2H₂O. Unasawazisha ulichopewa, hayo mengine ni ya maabara.

Pale herufi zinapolipa

Jaribu huu kwa namba za oksidisho kama una subira:

CuSCN + KIO₃ + HCl → CuSO₄ + KCl + HCN + ICl + H₂O

Shaba inabadilika, salfa inabadilika, iodini inabadilika, na kuamua kaboni na naitrojeni ndani ya SCN zibebe namba gani ni ubishi wa asubuhi nzima. Kwa herufi, vitu vinane vinaonekana vingi lakini vinaporomoka haraka. CuSCN iwe a: shaba, salfa, kaboni na naitrojeni zote zinasema CuSO₄ na HCN nazo ni a. KIO₃ iwe b: KCl na ICl nazo ni b, na klorini inadai HCl iwe 2b. Maji yawe w. Zimebaki mbili tu:

H: 2b = a + 2w
O: 3b = 4a + w

Kutoka kwenye oksijeni, w = 3b − 4a. Iingize juu: 2b = a + 6b − 8a, yaani 7a = 4b. Basi a = 4, b = 7, w = 5:

4CuSCN + 7KIO₃ + 14HCl → 4CuSO₄ + 7KCl + 4HCN + 7ICl + 5H₂O

Siri ni kutotoa herufi nane kwa vitu vinane. Toa herufi mpya pale tu zilizopo zinapokwisha.

Nusu-mmenyuko: pale atomi zinapolingana na bado umekosea

Mpaka hapa tumehesabu atomi tu. Tazama huu:

MnO₄⁻ + Fe²⁺ + 8H⁺ → Mn²⁺ + Fe³⁺ + 4H₂O

Mn 1 kwa 1, Fe 1 kwa 1, oksijeni 4 kwa 4, haidrojeni 8 kwa 8. Kwa macho ya kuhesabu, kazi imekwisha. Sasa jumlisha chaji: kushoto −1 + 2 + 8 = +9; kulia +2 + 3 = +5. Chaji nne zimepotelea hewani. Atomi hazikukuonya, kwa sababu elektroni si atomi.

Nusu-mmenyuko inaugawa mlinganyo. Kwa upande wa manganizi, ndani ya tindikali, hatua haziruki: sawazisha Mn; oksijeni isawazishe kwa H₂O (4 kulia); haidrojeni kwa H⁺ (8 kushoto); mwisho chaji kwa elektroni. Kushoto ni +7, kulia +2, kwa hiyo elektroni 5 kushoto:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O
Fe²⁺ → Fe³⁺ + e⁻

Zidisha ya chini kwa 5 na jumlisha:

MnO₄⁻ + 5Fe²⁺ + 8H⁺ → Mn²⁺ + 5Fe³⁺ + 4H₂O

Chaji: +17 na +17.

Ile 5 si pambo. Tuseme unapima chuma kwa bureti, na pamanganeti (MnO₄⁻) iliyotumika ni sentimita za ujazo 20 zenye moli 0.02 kwa lita. Hizo ni moli 0.0004. Kwa uwiano sahihi chuma ni moli 0.002, karibu gramu 0.112. Kwa ule mlinganyo wa kwanza ungeripoti gramu 0.0224, moja ya tano ya kilichopo, na hesabu zako za atomi zote zikiwa safi.

Hapa ndipo mlinganyo wa KMnO₄ na HCl unaporudi. Tindikali ya kwenye chupa ya titresheni (upimaji huo wa bureti) huwa ni ya salfuriki, kwa sababu pamanganeti huweza kula kloraidi ya HCl na kutoa klorini. Pamanganeti hiyo ya zambarau inatumika kwa kazi isiyo yake na kipimo kinazidi. Tindikali ikiwa haba nako kuna balaa lake: inatokea MnO₂ ya kahawia inayochafua chupa, na manganizi hapo imepokea elektroni 3 badala ya 5, kwa hiyo uwiano wako wote umebomoka.

Mazingira yakiwa ya besi, fanya kila kitu kama vile ni tindikali, kisha ongeza OH⁻ pande zote mbili kwa idadi ya H⁺ zilizopo, uziunganishe kuwa maji na ufute yaliyojirudia. MnO₄⁻ + 4H⁺ + 3e⁻ → MnO₂ + 2H₂O inakuwa MnO₄⁻ + 2H₂O + 3e⁻ → MnO₂ + 4OH⁻. Kuacha H⁺ ndani ya mlinganyo wa besi ni kosa linalokatwa alama hata kama atomi na chaji zimetimia.

Mlinganyo wenye majibu mengi

KMnO₄ + H₂SO₄ + H₂O₂ → K₂SO₄ + MnSO₄ + H₂O + O₂

Hakuna ioni zilizoandikwa, fomula ni kamili, na kuna elementi huru ya kuacha mwisho. Kila dalili inasema uhesabu. Fanya hivyo, na unaweza kupata huu:

2KMnO₄ + 3H₂SO₄ + H₂O₂ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 4H₂O + 3O₂

Oksijeni ni 22 kwa 22, haidrojeni 8 kwa 8, salfa 3 kwa 3. Mwenzako anapata 3H₂O₂ na 6H₂O na 4O₂, naye amelinganisha vilevile. Kila mmoja ana haki yake ya kuhesabu, na wote wamekosa. Tofauti kati ya majibu yenu ni 2H₂O₂ → 2H₂O + O₂, yaani peroksaidi kujivunja yenyewe, mlinganyo uliokamilika unaoweza kuuongeza au kuutoa mara yoyote bila atomi kulalamika.

Elektroni ndizo zinazokata shauri. Pamanganeti inapokea 5. H₂O₂ → O₂ + 2H⁺ + 2e⁻ inatoa 2. Kigawe kidogo ni 10, kwa hiyo MnO₄⁻ 2 na H₂O₂ 5. H⁺ zinazohitajika ni 16, peroksaidi imeleta 10, zimebaki 6, ambazo ni 3H₂SO₄:

2KMnO₄ + 3H₂SO₄ + 5H₂O₂ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 8H₂O + 5O₂

Herufi nazo hukuonya, ukijua pa kutazama. Hapa kuna vitu 7 na elementi 5. Kwa kawaida, ukiipa herufi moja thamani ya 1, nyingine zote zinajifunga. Kwenye huu, hata ukishafunga KMnO₄, H₂SO₄ na salfeti zote mbili, H₂O₂ inabaki inaelea na kukubali namba yoyote utakayoipa. Ukiona herufi ya pili inaelea namna hiyo, usichague ndogo kwa sababu ni ndogo, fungua nusu-mmenyuko.